Kulhuwallahu Nane Mpaka Kileleni

Vijana wa gereji, nyinyi mnaonisalimia "niaje babu" kisha mnaficha spana zenu nisije nikaziazima, leo kaeni niwaeleze jinsi nilivyoharibu kazi. Niliyoyafanya vizuri hayajazi ukurasa mmoja, na mengi kati yake yalitokea kwa bahati. Niliyoyaharibu ndiyo yanayoweza kuwafaa.

Juzi mjukuu wangu, huyu anayetengeneza pikipiki hapa Kayole, alinipeleka nje ya mji kwa gari la mteja, nikamwonyeshe mlima ambao nimekuwa nikimsimulia tangu hajaota meno. Tulipofika akazima injini, akatazama. Kulikuwa na mbuzi wapatao kumi, majani marefu, na kijia chekundu kilichopinda kwenda juu.

"Babu, si hii ni njia ya mbuzi tu?"

"Hapa magari yalikuwa yanashindana."

"Yanashindana aje? Gari mbili haziwezi pitana hapa."

Nikamweleza kwamba hayakupitana. Gari lilipanda peke yake, moja baada ya jingine, likishindana na saa, na aliyefika kileleni kwa muda mfupi kuliko wote ndiye aliyepewa kikombe. Mjukuu wangu akanitazama kwa huruma, jinsi mnavyomtazama mzee anayedai aliwahi kuwa na misuli. Kwa hiyo nikashuka, nikafukua majani kwa fimbo mpaka nikapata jiwe lenye chokaa pembeni. Nikamwambia, "Hili nimelipaka mimi." Akasema ni sawa, twende kabla mwenye gari hajapiga simu.

Zamani ile njia ilikuwa ya trekta. Mzungu mwenye shamba alikuwa akipitisha magome ya miti ya miwati, na kwa kuwa alipenda magari kuliko miwati, akawaruhusu wenzake wa klabu yao ya magari waje kupanda mlima wake kwa kishindo siku za Jumapili. Wao walileta magari, hema na chakula. Sisi wafanyakazi wa gereji tulileta majembe. Hizo kona zote tulizipanua sisi, watu wa Pumwani na Makongeni, kwa mikono, na kabla ya kila mashindano tulizifagia, tukaziba mashimo na kupaka mawe ya pembeni chokaa ili dereva aone barabara inapoishia na bonde linapoanzia. Siri ya chokaa ni chumvi. Ukitia chumvi kwenye ndoo, mvua haitaiosha upesi. Hilo ni moja kati ya mambo mawili ninayoyajua kwa hakika.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Kutoka mjini bila barua ilikuwa kujitafutia balaa, na majirani zetu wengi walikuwa wameshachukuliwa kwa malori, wengine hatukuwaona tena. Kwa hiyo mwajiri wetu alituandikia barua. Askari aliyetusimamisha njiani aliisoma mara mbili.

"Mnaenda kupaka mawe rangi?"

"Ndiyo, afande."

"Mawe ya nani?"

"Ya mlimani."

"Ya nini sasa?"

Akaturudishia barua, akatupisha.

Mwajiri wetu, mzungu wa klabu ile aliyeshindana mwenyewe, tulimwita Bwana Soksi, kwa sababu ya soksi zake zilizofika magotini, nyeupe, hata gereji. Mimi niliingia kwake nikiwa mtu mzima mwenye masharubu na mke nyumbani, si mtoto, kwa hiyo sina kisingizio. Nilikuwa nimetoka magharibi kuja kukaa kwa baba mdogo, nyumba za reli Makongeni. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kwanza, kwenye reli, kupaka grisi. Nilidumu wiki sita. Siku moja nilipaka grisi vizuri sana, kila mahali, pamoja na kile chuma dereva anachoshika anapopanda injini yake. Dereva alishuka haraka kuliko alivyokusudia.

Fundi mkuu wa Bwana Soksi alikuwa Athmani, mzaliwa wa Majengo, Pumwani, ambaye baba yake alitoka pwani. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kofia ya kiua iliyogeuka nyeusi kwa oili. Aliniuliza kwa nini niliacha reli. Nikamweleza habari ya grisi kama ilivyokuwa. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi.

"Njoo kesho," akasema. "Asiyejua hufundishwa. Mwongo ndiye sina dawa yake."

Kumbukeni hayo maneno, maana mimi sikuyakumbuka.

Fundi Athmani alinifundisha kusoma plagi. Nyinyi siku hizi mna mashine ya kuchomeka, inawaambia gari linaumwa wapi. Sisi tulifungua plagi tukaitazama ncha yake. Ikiwa nyeusi, injini inakula petroli kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, inakufa njaa. Fundi hakuwa na kitabu cha rangi, alikuwa na mkewe, Bi Zena, aliyeuza mahamri asubuhi pale Majengo. "Plagi iwe rangi ya mahamri ya Zena," alikuwa akisema. "Si unga, si makaa." Kila Jumatatu alininunulia hamri moja, ati nikalitazame vizuri kwanza. Nililitazama kidogo sana.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na ukizidi kupanda inazidi kuwa nyepesi. Kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli lazima kiwe kidogo kuliko kilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana kitabu kiliandikwa Ulaya, chini kule. Bwana Soksi aliamini kitabu. Fundi aliamini hamri. Walibishana hivyo miaka, kwa adabu, na mara nyingi Fundi alibadilisha kitundu baada ya Bwana kwenda kula.

Sasa niwaeleze habari ya kona yangu. Vumbi la mlima ule lilikuwa jekundu na jepesi, gari likipita huoni kitu tena. Dawa yake ilikuwa kumwaga oili chafu barabarani siku mbili kabla, ikazama na kushika vumbi. Bwana Soksi alinikabidhi mapipa, akaonyesha pale penye kunyooka, akasema kwa Kiswahili chake: "Yohana, mwaga oili hapa, hapana kwa kona!"

Mimi nikasikia: mwaga oili hapa, hapa na kwa kona.

Mzungu akisema hivyo, wewe utafanyaje? Nilimwaga hapa. Kisha nikamwaga kwa kona. Nikaona kona ina vumbi zaidi, nikaiongezea pipa la pili kwa hiari yangu. Siku ya mashindano gari la kwanza liliingia pale kwa mbele likatoka kinyumenyume, likapita katikati ya mawe yangu mazuri ya chokaa, likaketi kwenye miwati. Dereva akatoka na kiko chake mdomoni, hajaumia, anauliza ni nani. Wote wakaninyoshea kidole mimi.

Waliweka hata kibao. Kona nyingine zilikuwa na majina yao ya Kizungu, na hii ikaitwa ya Yohana. Mimi, mtu wa akili nyingi, niliona ni heshima. Nikaenda Makongeni nikamwambia baba mdogo kwamba wazungu wamenipa kona. Baba mdogo akaandika barua nyumbani kwamba mtoto wa kaka yake amepewa kona ya shamba Nairobi. Shangazi zangu wawili walikuja na jembe. Hiyo aibu sitaieleza zaidi.

Turudi kwa saa, kwa sababu ndipo penye uchungu.

Wazungu walikuwa na saa za kupimia, zile za kubonyeza juu, mshale unakimbia, ukibonyeza tena unasimama, ukibonyeza mara ya tatu unarudi sifuri. Sisi hatukuruhusiwa kuzishika. Lakini Fundi Athmani alitaka kujua gari alilolitengeneza limepandaje, kwa hiyo alipima kwa njia yake. Bendera ikishuka, anaanza kusoma Kulhuwallahu, ile sura fupi ya Kurani, taratibu, kwa mwendo uleule, na anahesabu amesoma ngapi mpaka gari lionekane juu kwenye tangi la maji, maana tangi lilionekana tokea chini. Bwana Soksi siku yake njema alipanda kwa Kulhuwallahu nane na nusu. Siku mbaya, tisa. Fundi aliweza kukuambia "nane na lam yalid", yaani ya tisa iliishia kwenye neno hilo, na wazungu wakisoma saa yao ilikuwa inalingana na yake, gari kwa gari.

Nilimuuliza kama si vibaya kupimia magari kwa Kurani.

"Wewe waona napima," akasema. "Mimi namwombea asife. Akifa, nani ataniandikia barua ya kupita njiani?"

Nikataka kujifunza. Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa, lakini kazi ni kazi. Alinifundisha tukipaka mawe, neno kwa neno, na mwendo wake ndio uliokuwa mgumu, kwa kuwa mimi nikishajua kitu hukimbia. "Hapana, anza tena. Huendi sokoni." Nilifanya mazoezi mpaka usingizini. Baba mdogo alinisikia akaniamsha.

"Yohana, umesilimu?"

"Hapana baba, ni saa."

"Saa?"

"Ya kupimia gari."

Akakaa kitandani akanitazama. "Nilikuleta Nairobi utafute kazi," akasema. "Kazi hujapata, umepata dini."

Basi ukaja mwaka ambao Bwana Soksi alianza kushindwa. Zamani alikuwa wa pili, wa tatu. Sasa vijana wenzake wenye magari madogo walikuwa wanampita, na kila aliporudi chini alivua miwani yake ya vumbi akasema neno lilelile mbele ya watu: "Athmani, hii gari hapana nguvu. Mikono yako nakwisha." Mara ya kwanza Fundi alifungua injini yote. Alipima kila kitu, akarudisha. Mara ya pili akaifungua tena. Mara ya tatu nilimkuta ameketi na plagi mkononi, rangi ya hamri kamili, anaitazama kama mtu aliyepewa barua kwa lugha asiyoijua.

Bi Zena alikuwa mcheshi, lakini hakupenda kumwona mumewe hivyo. Nilikwenda kwao Ijumaa moja, akaniandalia chai, akasema Fundi anasikia: "Huyu wamemwambia mikono imekwisha, naye kaamini. Miaka ishirini kwenye magari yao! Mimi nimemwambia, kama imekwisha kwa magari, unga haubagui. Aje anikandie."

Fundi hakucheka. Akasema, "Jumatatu nitamwambia Bwana naacha. Kama mikono imekwisha, nisije nikamwua mtu."

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anatania. Na nilikasirika, vijana wangu, nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, maana nilikuwa nimemwona akisikia valvu moja iliyolegea kwenye gari linalopita barabara ya pili. Kama mikono ile imekwisha, yangu haikuwahi kuanza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya maandalizi. Bwana Soksi alikuwa ameleta gari mlimani mapema, akamwachia Fundi ufunguo aipashe injini moto jioni, kisha akaenda kula na wenzake nyumbani kwa mwenye shamba. Tulibaki sisi wawili na ndoo za chokaa. Nikasema:

"Fundi, panda wewe."

"Nipande wapi?"

"Mlima. Gari ni ileile, njia ni ileile. Ukimshinda, basi mbovu ni yeye. Ukishindwa, nenda kakande unga."

Akavua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena. "Nani atahesabu?"

"Mimi. Si umenifundisha?"

Akaingia. Mimi nikasimama kwenye mstari, nikainua kitambaa changu, nikakishusha. Gari likaondoka, nami nikaanza kusoma, taratibu, huendi sokoni, kama nilivyofundishwa. Ya kwanza ikaisha salama. Ya pili ikaisha salama. Katikati ya ya tatu gari lilifika kwenye kona yangu, na badala ya kupunguza mwendo, Fundi akaliingiza kwa ubavu, magurudumu ya nyuma yakanusa ukingo wa bonde, mawe mawili yakaruka.

Mdomo wangu ukasema, "Baba yetu uliye mbinguni."

Sikuamua. Ulitoka wenyewe, kama mtu anavyomwita mama yake. Nilifika "utupe leo riziki yetu" ndipo nikakumbuka kazi yangu, nikarudi kwenye Kulhuwallahu, lakini ilikuwa ya nne au ya tano? Nikaisoma haraka kufidia. Kisha nikafikiri nimekwenda haraka mno, nikasoma nyingine polepole kusawazisha. Nikainua macho. Gari lilikuwa limeshasimama kwenye tangi la maji, na sijui lilifika lini.

Akashuka taratibu. Akazima injini, akatoka. Alikuwa na uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, uso wa mtu anayesubiri daktari aseme.

"Ngapi?"

Ningesema sijui. Maneno mawili tu, si-jui, mtoto anayaweza.

"Saba," nikasema.

"Saba na nini?"

"Saba kamili, Fundi."

Akaketi juu ya jiwe. Lilikuwa halijakauka, suruali yake yote ikawa chokaa, wala hakujali. "Basi si mimi," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ndogo. Niliona haya, na nilifurahi, na sikuweza kutenganisha viwili hivyo. Nilidhani mambo yameisha hapo. Fundi amepona, Bwana hajui, na uongo wangu utalala kaburini nami. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya usiku mmoja.

Jumapili Bwana Soksi alipanda mara mbili, na mara zote mbili akawa wa sita. Akashuka, akavua miwani. Wenzake wamesimama na vikombe vyao vya chai.

"Athmani! Hii gari hapana vuta. Mimi nasema mikono yako nakwisha."

Miaka yote Fundi alijibu "ndiyo Bwana, nitaangalia". Siku hiyo alisimama wima, mikono nyuma, akasema kwa adabu yake yote:

"Bwana, gari inavuta. Ni dereva."

Kisha rafiki mmoja wa Bwana Soksi, mnene, mwenye mdomo, akapasuka kicheko, akasema jambo kwa Kiingereza, na wengine wakacheka naye. Bwana Soksi akawa mwekundu kuanzia kwenye soksi. Akaenda mezani kwao, akachukua saa ya kupimia, akamrushia Fundi ufunguo.

"Panda wewe. Kama hapana pita mimi, kesho hapana kuja kazi. Na mimi naambia gereji yote ya Nairobi hapana chukua wewe."

Fundi alikuwa amesema lile neno kwa nguvu ya saba yangu, saba niliyoitoa hewani. Nilikimbia nikainama dirishani.

"Fundi, ngoja. Ile saba…"

"Nyamaza, Yohana. Nasikiliza injini."

"Fundi, mimi jana…"

"Sogea."

Bendera ikashuka. Safari hiyo sikuhesabu kitu, si kwa Kurani wala kwa Biblia. Kila mtu alitazama mlima, mimi nilimtazama Bwana Soksi. Alikuwa akitazama saa, anatabasamu kidogo, upande mmoja. Nilisikia gari likipita kona ya kwanza, nikalisikia likiingia kwangu na mawe yakiruka tena, na lile tabasamu likabaki pale likiwa limesahauliwa na mwenyewe. Kisha likaondoka. Rafiki yake mnene akapaza sauti akionyesha tangi la maji. Bwana Soksi akabonyeza.

Akaitazama saa. Rafiki yake akasogea kuchungulia begani kwake, akapiga mluzi mrefu, halafu akageuka akaanza kutazama miwati kana kwamba ina maua. Bwana Soksi akakaa na ile saa kiganjani, sijui muda gani. Kisha akabonyeza mara ya tatu. Mshale ukarudi sifuri.

Fundi alikuwa ameshashuka na kusimama mbele yake, kofia mkononi. "Ngapi, Bwana?"

"Hii saa naharibika," akasema Bwana Soksi.

Akaifuta kwa leso, akairudisha kwenye kijisanduku chake cha ngozi, akafunga kifungo vizuri, akaenda hemani. Kuhusu kazi ya kesho hakusema lolote.

Kwenye ubao wa klabu yao, ulioandikwa muda wa kila gari lililowahi kupanda, siku ile ina majina yao tu. Hata mlima ulipoachwa, haukuachwa kwa kelele. Mwenye shamba aliuza akaenda kwao, lami mpya ikapitishwa upande wa pili, na mara ya mwisho sisi tulipaka mawe chokaa, tukafagia, tukangoja, na hakuna aliyekuja kutuambia kwamba mashindano hayapo. Ubao sijui ulikwenda wapi. Ningeuona ungenisaidia nini? Muda mmoja tu ndio niliotaka kuujua, nao haumo.

Jioni ile tulirudi nyuma ya lori, kati ya majembe na mapipa. Fundi alikuwa akicheka peke yake. "Saa imeharibika, ati," akasema, akacheka tena mpaka akakohoa. Nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha.

"Fundi, jana sikuhesabu saba."

"Ulihesabu ngapi?"

"Nilipotea. Ulipoingia kona yangu niliogopa, nikaangukia Baba Yetu. Baada ya hapo sijui. Ile saba nilibuni."

Kicheko kikakatika. Lori lilipita vizuizi viwili vya askari, naye akitazama majembe. Nilitamani anipige. Tulipokaribia Pumwani ndipo alipofungua mdomo.

"Kwa hiyo ungeniua."

"Ndiyo."

"Ningepoteza kazi kwa maneno yako, na gereji zote zingenifunga mlango."

"Ndiyo, Fundi. Nisamehe."

Akashuka Majengo bila kutazama nyuma. Nikamwita, nikamuuliza kama kesho atakuja kazini. Hakugeuka.

Usiku huo sikulala. Nilijua atachagua unga. Kwanza mzungu aliyemtumikia miaka ishirini amemficha muda wake, kisha msaidizi wake amemdanganya. Angebaki kwa ajili ya nani? Karibu na alfajiri usingizi ukanichukua, ukanichukua sawasawa, nikaamka jua limeshatoka, nikakimbia kutoka Makongeni mpaka mjini nikiwa nimefunga kiatu kimoja.

Nilikuta gari la Bwana Soksi limeinuliwa juu ya mawe, na chini yake miguu miwili imetokeza, kandambili za Majengo, suruali yenye chokaa makalioni. Nilisimama pale nikataka kulia.

"Yohana," sauti ikasema kutoka chini ya gari, "leta spana ya nusu inchi. Mwenzio ana kona ya kurekebisha, ile yako: jana nimeingia mapema mno."